Dubu anashuka mtaani kwetu usiku, tuite askari wa wanyamapori au tunyamaze?

MamaEsther_Missoula

Hamjambo ndugu zangu. Mimi niko Missoula, jimbo la Montana huku Marekani, kwetu ni Fizi ila watoto wote nimewazalia kambini Nyarugusu. Kuna jambo linatusumbua na wiki ijayo kuna mkutano wa mtaa, nataka niende nikiwa na la kusema siyo kukaa tu na kutikisa kichwa.

Tangu mwezi wa nane kuna dubu mweusi anashuka mlimani anapita kwenye kichochoro nyuma ya nyumba zetu. Mwanzo tulikuwa tunakuta mapipa ya taka yamelazwa, tukasema ni mbwa. Halafu akaja kwetu gereji. Mlango wa gereji haushuki mpaka chini, mwenye nyumba anajua tangu theluji ya mwaka jana, na mle ndani tulikuwa na dumu la mawese, yale tunaagizaga kwa mama mmoja wa Boise, pamoja na mfuko wa dagaa. Asubuhi natoka kumsindikiza mtoto kwenye basi la shule nakuta dumu limetobolewa kwa meno, mawese yametapakaa, nyayo nyekundu zimetoka gereji zimepita kwenye saruji mpaka barabarani, ukiziangalia haraka utasema mtu mnene kapita peku ila mbele kuna alama za kucha. Dagaa hakubaki hata mmoja, na mfuko wenyewe kaula.

Sasa majirani kila mtu na lake. Baba mmoja wa nyumba ya kona anasema ana bunduki na siku akimkuta kwenye ua wake basi. Bibi mmoja wa kizungu jirani yetu, mama mzuri sana, alinijia mlangoni karibu kulia akasema tafadhali usipige simu kwa watu wa wanyamapori, ukipiga watamuua. Mume wangu anasema wapigiwe wamchukue wampeleke mbali huko msituni. Na mwenye nyumba tulipomuomba yale mapipa maalumu ya dubu akasema yanaongeza bei ya kila mwezi, kama tunayataka tulipe wenyewe.

Mimi nina watoto wanne na basi la shule linapita kungali giza. Nyie mnaoishi sehemu zenye wanyama hawa, mtaa wenu mlikubaliana nini? Na ni kweli wakiitwa wanaua?

chaurembo_kkoo

Pole dada. Ila huyo dubu kapiga dagaa na mawese bila ugali, huyo ni wa kwenu kabisa mtafutieni karatasi 😂😂

Kiprono_Springs

Pole sana mama Esther. Mimi niko Colorado Springs miaka mingi na hii maneno ya dubu naijua kuliko vile najua mitaa ya Eldoret siku hizi. Kwa mkutano anza na pipa. Mambo ya kuita ama kutoita mtaongea baadaye, juu mkiita leo huyu aende, na mapipa yakae vile yalivyo, mwezi ujao atakuja mwingine.

Sikia vile dubu anafikiria. Kuanzia mwisho wa mwezi wa nane mpaka alale, huyo mnyama anakula usiku na mchana, anaweza tafuta hadi kalori 20,000 kwa siku ndio aweke mafuta ya kulala nayo hiyo baridi yote. Msituni apate hizo kwa beri na mbegu za mwaloni lazima atembee siku mzima, na mwaka wa ukame ama barafu ikiua maua mapema hapati. Sasa ashuke mtaani apate pipa ya familia ya watu sita, ndani kuna mifupa ya kuku, mafuta ya kukaanga, mkate, anamaliza na dakika kumi na hakuna mtu amemgusa. Na zile vitu wazungu wanatundika kulisha ndege? Kilo moja ya mbegu za alizeti iko na kalori zaidi ya 5,000. Yule bibi wako mwenye huruma mwangalie kama hana moja kwa bustani yake, mara nyingi wao ndio huwa nayo, na ukimwambia aitoe kuanzia Aprili hadi dubu walale ataona ni kama umemwambia auze mjukuu.

Hapa kwetu kaunsili ilipitisha sheria, ikaanza Machi 2020, kila mtu anakaa magharibi ya barabara ya I-25, hiyo ndio side ya milima, lazima awe na pipa ya kufungika ama pipa ikae ndani mpaka saa kumi na moja alfajiri siku ya gari ya taka. Kuna faini. Watu walilia mwanzo halafu wakazoea.

Lakini sheria peke yake bado. Kuna utafiti ulifanywa Durango, hapa hapa Colorado, miaka kama minne hivi. Waligawa zaidi ya mapipa 1,000 ya dubu bure kwa sehemu za mji, sehemu zingine wakaziacha vile zilivyokuwa, na sheria ya kufunga taka ilikuwa ya mji wote. Kule walipewa mapipa, kesi za dubu na taka zilikuwa chini kwa asilimia 60 kuliko kule hawakupewa. Hiyo number andika kwa karatasi uende nayo. Mwambie diwani sheria bila pipa ni kelele, na mwambie landilodi nyumba ni yake na mlango wa gereji ni wake. Mpangaji hawezi nunulia nyumba ya mtu mlango.

Kitu ingine, msikubali pipa yoyote tu imeandikwa ya dubu. Kuna kituo kiko West Yellowstone, hapo hapo Montana kwenu, wanaweka chakula ndani ya pipa wanaachia grizzly wa ukweli, wale dubu wakubwa wa kahawia, wapigane nayo wairuke waing'ate, ikikaa saa moja bila kufunguka ndio inapita. Uliza kama ile mtaletewa ilipita hiyo mtihani.

Kamanda_Temeke

Mnazunguka sana. Mnyama mkali akishazoea kuingia kwa watu dawa ni risasi, kesho akimkamata mtoto mtaleta hadithi za kalori? Huyo baba wa kona mpeni moyo.

DerevaWaReno

Kamanda tulia kidogo. Kwanza ni dubu yupi utampiga?

Mimi napita Lake Tahoe na lori kila wiki. Mwaka 2022 kule kulikuwa na dubu mmoja mkubwa watu wakampa jina Hank the Tank, kilo mia mbili na ushee, ikatangazwa kila televisheni kwamba ndiye anavunja nyumba za watu, watu wakataka auawe. Serikali ya California ikachukua vipimo vya DNA kwenye zile nyumba, majibu yakaja dubu siyo mmoja ni watatu au zaidi. Mwaka uliofuata wakamkamata mmoja jike ambaye DNA yake ilikutwa nyumba 21, anazunguka na watoto wake anawafundisha kazi. Hawakumuua, walimpeleka kwenye hifadhi ya wanyama waliofungiwa, ipo Colorado. Sasa ile 2022 wangemsikiliza mtu kama wewe wangepiga yeyote mnene na nyumba zingeendelea kuvunjwa.

Pili hiyo ya kupiga risasi mtaani. Nyumba za huku Marekani ni mbao na jasi, risasi ya bunduki ya kuwindia inapita chumba mpaka chumba. Na hapo Montana kuna grizzly pia, huyo analindwa na sheria ya serikali kuu tangu 1975, ukimpiga halafu ushindwe kuonyesha ulikuwa unatetea uhai una kesi ya shirikisho. Rangi isikudanganye, dubu mweusi anaweza kuwa wa kahawia au hata wa manjano kama simba. Grizzly utamjua kwa nundu mabegani na kucha ndefu za kuchimbia. Usiku saa nane na tochi ya simu huyo jirani ataona nundu?

Mama Esther, kuhusu mumeo: kumhamisha inasikika vizuri ila mara nyingi haisaidii. Dubu ana kichwa cha ramani, wamewapeleka mbali kilomita kwa mamia na wengine wamerudi. Asiporudi anaangukia kwenye eneo la dubu mwenzake wanapigana, au anashuka mji mwingine maana somo la pipa anatembea nalo. Ndiyo maana maofisa wakikuta dubu ameshajua kufungua milango wanasita kumhamisha, wengi huishia kumuua. Zamani Colorado walikuwa na utaratibu wa mara mbili, ya kwanza anawekwa hereni sikioni, ya pili anauawa. Kwa hiyo yule bibi hajakosea sana kuogopa, ila kunyamaza ndiko kunakomfikisha huko. Ukipiga simu wakati dubu bado anaangusha mapipa tu, wanakuja na risasi za mpira na baruti za kelele, kuna na mbwa wa Karelia wanaofundishwa kazi hiyo hiyo ya kumfukuza, anaondoka na kumbukumbu mbaya. Ukisubiri mpaka ameingia jikoni wanakuja na kitu kingine.

Kamanda_Temeke

Sawa hiyo ya DNA nimeielewa. Lakini mnasema kama vile hajawahi kuua mtu. Anaua au haui?

DerevaWaReno

Anaua, mara chache. California rekodi zao zote zilikuwa hazina mtu aliyeuawa na dubu mweusi mpaka 2023, mama wa miaka 71 huko Downieville, ndani ya nyumba yake. Na ule mji watu walikuwa wanalalamika dubu wanaingia ndani kufuata taka na chakula.

Msambaa_Tohoku

Wadau, naona mnaongelea dubu wa Marekani kama ndiyo mwisho wa mambo. Njooni huku Japani. Niko Akita, nilikuja kusoma nikabaki kazini.

Mwaka 2025 huku dubu wameua watu 13 nchi nzima, haijawahi kutokea tangu waanze kuhesabu, na mkoa wetu ni mmoja wa iliyoumia zaidi. Novemba serikali ikaleta jeshi. Siyo jeshi la kupiga risasi, maana sheria haiwaruhusu kuwinda, walikuja kubeba mitego ya chuma na kuitega kwa sababu wawindaji wa kule vijijini ni wazee wa miaka sabini na ile mitego wenyewe hawaiwezi kuinyanyua. Na kabla ya hapo, Septemba, sheria ilibadilishwa ili meya aweze kuruhusu mwindaji afyatue bunduki ndani ya mji ikiwa dubu yupo karibu na watu. Zamani ilikuwa dubu yuko maegesho ya shule, mwindaji kasimama na bunduki, na haruhusiwi mpaka polisi atoe amri.

Nawaeleza mambo mawili ambayo nimeyaona kwa macho. La kwanza milango. Unajua Japani kila duka mlango unafunguka wenyewe ukisogea? Basi dubu naye akisogea unamfungukia. Mwishoni mwa 2024 aliingia mmoja supamaketi hapa mjini Akita akamjeruhi mfanyakazi, akakaa mle ndani siku mbili anakula nyama, mpaka wakamnasa. Sasa ukienda ofisi nyingi unakuta karatasi imebandikwa mlangoni, mlango umezimwa, sukuma kwa mkono kwa sababu ya dubu. Wazee wanasukuma huku wanaomba samahani kwa aliye nyuma yao.

La pili ni miti ya kaki. Ni tunda kama nyanya ya rangi ya chungwa hivi, kila nyumba ya zamani ina mti wake. Vijana wamehamia Tokyo, bibi kabaki peke yake hawezi kupanda kuchuma, matunda yanaiva yanabaki mtini mpaka theluji inaanguka. Mlimani kuna miti wanaita buna, mbegu zake ndiyo chakula cha dubu, na ule mti una miaka hauzai kabisa. 2025 haukuzaa. Dubu akashuka, akakuta vijiji nusu havina watu, mashamba yameota vichaka mpaka ukutani, kaki zimejaa. Zamani kati ya msitu na nyumba kulikuwa na shamba na mtu na mbwa, dubu anaona uwazi anaogopa kuvuka. Ule uwazi umekwisha. Sasa hivi manispaa zinawasaidia wazee kukata miti au kuchuma, wengine wanakataa maana mti uliupanda baba yake.

Kwa hiyo Kiprono nakubaliana na wewe kwenye pipa, huku taka zenyewe zinafungwa vizuri kuliko Marekani. Lakini dubu walishuka. Mama Esther mtaa wenu ukifunga mapipa halafu kila ua una mti wa epo unamwaga chini hamjafanya kitu.

Na Kamanda ana pointi kidogo jamani tusimkandamize. Dubu aliyekwishamjeruhi mtu hapa hatujadili, anauawa, na kuna watu wanapigia ofisi za mkoa simu kutukana na kulia kwa nini mmemuua, wanapiga kutoka miji ambayo dubu wanamuona kwenye katuni. Wafanyakazi wanashinda kwenye simu hizo na kazi haifanyiki.

mzee_wa_Tunduru

Nimesoma yote. Mimi nimestaafu, nilikuwa askari wa wanyamapori wa kijiji huku Tunduru, kwetu ni tembo siyo dubu. Nawasalimu.

Nawauliza hao wa Marekani, dubu akila mali ya mtu nani analipa? Huku tembo akila shamba kuna kifuta jasho, akiua mtu kuna kifuta machozi. Fedha yenyewe ni kidogo na inachelewa mpaka jasho limekauka lenyewe, lakini angalau kuna mahali pa kwenda kudai, na mtu akijua atapewa chochote hachukui sumu. Mimi niliyoyaona miaka yote, mtu hamchukii mnyama kwa sababu ya mnyama. Anachukia kwamba shamba lake limeliwa, na mnyama ni mali ya serikali, na serikali haikuja hata kuangalia. Huyo baba mwenye bunduki hapo mtaani kwako, binti yangu, mtembelee umuulize dubu alimlia nini. Utakuta kuna kitu.

Sisi tulifundishwa kufunga kamba yenye vitambaa vilivyolowekwa oili chafu na pilipili, tembo hapendi. Kenya kule Sagalla karibu na Voi wanafunga mizinga ya nyuki kwenye uzio, tembo akigusa waya nyuki wanatoka, anakimbia. Sasa msije mkaiga hiyo ya nyuki kwa dubu, mtakuwa mmemtengea mezani.

Kiprono_Springs

Mzee shikamoo, hapo kwa nyuki umenimaliza 😂 Kulipa inategemea jimbo. Montana wanalipa ng'ombe ama kondoo wakiuawa na grizzly ama mbwa mwitu, lakini pipa na dagaa za mama Esther hizo ziende tu. Na pilipili huku iko, wanaiweka kwa mkebe.

Wanja_Rongai

Ngoja niongee kama mzazi. Sisi tunaishi Ongata Rongai, ng'ambo ya mto ni Nairobi National Park. Aprili 2025 simba jike aliruka akaingia nyumbani kwa watu hapo upande wa mbuga akabeba msichana wa miaka 14. Kwa hivyo mimi stori za huruma ya mnyama nasikiliza lakini kwanza niambieni mtoto anafika aje kwa basi.

Mama Esther kabla hata ya hayo mapipa, panga watoto. Hapa kwetu watoto hawatembei mmoja mmoja kabla jua litoke, tunapeana zamu mzazi mmoja na tochi kubwa anafikisha kikundi chote stage. Ongea na shule wasogeze hiyo stop mahali pana taa, ni simu moja tu. Na wafundishe wasikimbie. Mtoto akiona mnyama anakimbia, ndio kitu ya kwanza, na huyo dubu anamshinda hata Kipchoge. Wakae pamoja, warudi nyuma polepole wakipiga kelele, wakubwa washike wadogo mkono. Tuliwafanyisha mazoezi kama mchezo, mzazi mmoja anakuwa simba. Walicheka lakini walishika.

MamaEsther_Missoula

Asanteni sana, sikutegemea mtaandika hivi. Mzee wa Tunduru shikamoo. Nimemfuata yule baba wa kona leo jioni kama ulivyosema. Kweli, mwaka juzi dubu aliingia kwenye banda lake akaua kuku wote, baba wa watu akapiga simu kwa wanyamapori, mtu akaja baada ya siku mbili. Kumbe hata hasira yake siyo ya dubu huyu. Ameahidi kuja mkutanoni.

Bibi naye ana hayo makopo ya ndege, matatu 🙈 Nimemwambia polepole.

Nina maswali. Hiyo pilipili ya mkebe mtu anaitumiaje, naweza kupulizia mlango wa gereji ili asikaribie? Na samaki wetu je, sisi tunakaushaga samaki kwenye kibaraza, tuache kabisa? Na mimi mwenyewe nimepanga kufuga kuku msimu ujao, watoto wamezoea mayai ya kienyeji. Au niache?

Baba_Aline406

Dada Mama Esther mimi niko Missoula pia, upande wa Rattlesnake, nashangaa hatujaonana kanisani.

Nianze na pilipili maana hiyo ni ya hatari. USIPULIZIE mlangoni. Ni ya kumpulizia dubu usoni akiwa anakuja, mita tisa hivi au chini yake, unalenga chini kidogo ili atembee aingie kwenye wingu. Ikishakauka kwenye kitu dubu anaifuata, wameshaonekana Alaska wanajigaragaza palipopuliziwa, kwao inakuwa kiungo. Angalia tarehe kwenye mkebe, na angalia upepo, mwenzetu mmoja wa kazini alijipulizia mwenyewe akashinda siku nzima kichwa kwenye bomba.

Kuhusu mji wetu: Missoula ina sheria yake ya dubu, taka zikae kwenye pipa la dubu au ndani ya jengo lililofungwa. Kwa hiyo mwenye nyumba hawezi kusema ni starehe yenu. Andika barua, weka picha za dumu na nyayo, taja hiyo sheria, kopi moja peleka manispaa. Barua, siyo simu, simu hawakumbukagi. Mimi wangu alileta pipa baada ya barua ya pili na gharama hakunitoza. Na sheria ya jimbo inakataza kulisha dubu, hata ukimlisha kwa uzembe wanaweza kukuandikia, hilo msomee bibi kwa upole sana.

Maepo sasa. Kuna shirika hapa linaitwa Great Bear Foundation, wana mpango wa kuchuma maepo kwenye nyua za watu kabla dubu hajafika, watu wa kujitolea wanakuja na ngazi. Mkutanoni waorodheshe miti yote ya mtaa, nani ana miti, nani ana ngazi, nani ana nguvu. Watu wetu wapo wengi wanaweza kwenda, na hayo maepo unarudi nayo nyumbani magunia. Mke wangu anatengeneza juisi mpaka tumechoka.

Samaki msiache, aisee tutaishije. Kausheni mchana mtu akiwepo, jioni ndani, na kibaraza mkimwagie maji ya moto na siki. Jiko la kuchomea nyama pia, yale mafuta ya chini kwenye trei ndiyo yanamuita kuliko nyama yenyewe. Na kwenye gari msiache chochote, hata karatasi ya baga. Dubu anajua kuvuta komeo la mlango wa gari, anaingia, mlango unajifunga nyuma yake, halafu anashindwa kutoka. Jirani yangu alikuta Subaru yake haina kiti hata kimoja ndani, usukani umeng'olewa, na dubu yumo anamwangalia kwenye kioo. Walifungua mlango kwa kamba ndefu.

DerevaWaReno

Hiyo ya gari nimeiona Tahoe mara nyingi, bima wanaijua wala hawaulizi mara mbili.

Kiprono_Springs

Kuku usiache mama. Weka fensi ya stima. Banda la mbao na wavu peke yake dubu anafungua kama bahasha. Nyaya zisipungue tano, ile ya chini kabisa iwe kama sentimita 20 kutoka ardhini asichimbe apite chini, volti 6,000 ama zaidi, kwa sababu manyoya yake ni mazito, anatakiwa ashikwe kwa pua. Fensi ya sola iko na inatosha banda dogo. Nunua na kipimo cha volti, watu wengi hufunga vizuri halafu nyasi zinamea zinagusa waya, stima inaishia kwa ardhi na hawajui mpaka kuku waishe. Fyeka chini yake kila wiki. Na huyo baba wa kona muulize kama anataka kujenga na nyinyi, energizer moja, ile mashine ya kutia stima kwa waya, inaweza beba mabanda mawili kama mnapakana.

MamaEsther_Missoula

Hatupakani, katikati kuna nyumba ya bibi. Waya unaweza kupita kwake?

Kiprono_Springs

Unaweza, ule mzito wa kuzikwa chini. Lakini muulizeni kwanza, na mumuulize akiwa ameshatoa yale makopo.